Jina la Kanga

Saa kumi na mbili alfajiri nafunga tai,
nashuka ngazi za nyuma kutoka ghorofa ya tano,
nakata kona penye mapipa ya taka,
nazunguka jengo zima kwenye manyunyu ya Manchester,
nafika mlango wa mbele wa nyumba ninayoishi
niwafungulie wenyewe.

"Hujambo, Shabani?"
Mimi Shaibu. Mwaka wa sita huu.

Zamani palikuwa kiwanda cha pamba.
Sasa mbele ni makazi ya fahari,
nyuma ni makazi nafuu.
Ukuta mmoja, bomba moja la maji,
na mende ni wale wale,
wao hawajapewa kadi.

Mbele kuna marumaru, mshumaa unaonukia tini,
na lifti inayotangaza hali ya hewa
kwa mtu aliyeingia sasa hivi, kalowa chepe.
Yetu ilikufa Pasaka.
Bi Grażyna wa ghorofa ya saba
hupanda na kigoda cha plastiki,
kila ngazi ya kumi anaketi
kama asubiriye basi.

Bwana Ollerenshaw ana mbwa.
Mbwa ana kadi ya mlango, yenye picha.
Kadi yangu hufanya kazi saa moja mpaka saa moja;
ikipita dakika, inawaka nyekundu,
nami nageuka mtu wa nyuma papo hapo,
tai ingali shingoni.

Kisha Mwanaidi akaanika kanga ya mamake
kwenye roshani.

Barua ya onyo ilikuja Jumatatu:
kifungu cha kumi na nne, nguo mbichi, hadhi ya jengo.
Jumatano Ollerenshaw akaiona toka bustanini
(bustani yao; sisi tuna dirisha linaloitazama),
akashika kidevu. Rangi hizi! Ujasiri huu!
Ijumaa onyo likafutwa.
Bi Tunnicliffe wa ofisi akapanda ngazi zetu mwenyewe,
mara ya kwanza, akihema,
na pauni mia mbili ndani ya bahasha.
Mwanaidi alihesabu noti mara mbili,
akanitazama mara moja.

Sasa imo ndani ya kioo, ukumbi wa mbele,
ina taa yake peke yake.
Mkwe wangu aliapa ilichapwa Manchester hii hii,
basi tuseme imerudi kwao,
na imeingia kwa mlango ule.
Mwanaidi akitaka kuiona
husimama barabarani, akapangusa dirisha kwa kiwiko.

Wageni huuliza: "Imeandikwa nini?"
Bi Tunnicliffe hunigeukia.
Nami nanyoosha tai:
"Amani na upendo kwa majirani wote."
Huguna kwa raha kama watoto waliolambishwa asali.
Mmoja alitoa leso.

Kanga inasema:
GHOROFA UMEJENGA, CHUMVI WAAZIMA KWANGU.

Siku ya Ujirani Mwema inakuja.
Kadi za mwaliko ni mbili: ya dhahabu, mbele;
ya kijivu, nyuma, njoo na kiti chako.
Bi Grażyna anacho.
Na maneno ya kanga, nimeoneshwa sampuli,
yatachapwa kwenye mikeka ya mlangoni,
herufi kubwa, milango ya mbele tu,
ili kila arudiye kwake
akaribishwe kwa upendo.
Wameniomba nihakiki tahajia.
Nimehakiki. Haina kosa.

Jambo moja hawakuuliza:
kanga huuzwa doti.
Kipande cha pili kipo huku nyuma,
kiunoni mwa Mwanaidi, amesimama jikoni.
"Leo wamesoma?"
"Wamesoma."
Huchota chumvi kwa vidole vitatu,
akatia chunguni,
akafunika kopo.